Uso Juu ya Barafu

Mzee Qu Dehai alivua kofia yake ya manyoya katikati ya mto ulioganda, na mvuke ukafuka utosini kama chungu kilichofunuliwa.

"Irudishe, Baba! Masikio yatakatika."

"Yakatike. Nani anatundikwa ukutani na kofia?"

Yanru, bintiye, akainua kamera. Picha waliyoijia ni ile itakayosimama mbele ya jeneza. Wote wawili walilijua hilo tangu daktari aliposema mapafu hayana dawa tena. Binti alitaka kumpiga picha nyumbani, penye joto. Mzee akakataa katakata. Ujana wake wote aliumaliza hapa mtoni, akikata barafu mapande makubwa kama makabati. Uso wake, alisema, haujawahi kuwa wake ndani ya nyumba.

Baridi ilikuwa ya kukausha mate. Betri iliyotoka nyumbani imejaa ilizima kabla kamera haijalia hata mara tatu. Yanru akachomoa ya pili kutoka kwapani, alikoitunza kama yai, akaichomeka kwa vidole vilivyokwisha kufa ganzi.

Mvuvi mmoja aliyechuchumaa kando ya tundu alilotoboa kwenye barafu akapaza sauti: "Mzee Qu! Unatafutiwa mchumba?"

"Nimeshampata! Ananingoja kule kilimani!"

Mvuvi akacheka. Kisha akakumbuka makaburi yaliyoko kilimani, akainamia ndoano yake.

Kila Yanru alipobofya, pumzi ya mzee ilitangulia, wingu jeupe likameza uso.

"Baba, bana pumzi. Kidogo tu."

Alijaribu, kikohozi kikamkunja. Akajaribu tena, kikamkunja tena. Yanru, roho juu kwa ajili ya betri, akamhimiza: "Bado, Baba, bado, usiachie..." Akabofya. Kioo cha kamera kikazima, cheusi tii.

Nyumbani Yanru hakuiwasha kamera upesi. Aliiacha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ipate joto polepole isije ikaingia unyevu. Aliukodolea macho ule mfuko huku baba yake akihema kwenye kitanda cha matofali, juu ya joto la jiko. Alipoiwasha hatimaye, betri ikiwa imepata joto, aliona koti, aliona kola, na palipopasa kuwa kichwa, ukungu. Picha baada ya picha, ukungu.

Moja tu ilikuwa safi. Macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama, midomo imebanwa ikageuka buluu. Ulikuwa uso wa mtu anayezamishwa. Na aliyekuwa akimwambia asiachie ni yeye, mwanawe.

"Lete nione," mzee akasema.

Akaitazama, kamera ameisogeza karibu na macho.

"Hii ndiyo. Mpaka kovu la kidevuni linaonekana."

"Si nzuri, Baba. Tutarudi kesho. Safari hii sitakuambia ubane pumzi."

"Mtoni sifiki tena, mwanangu."

Alisema bila kulalama, kama mtu asemavyo unga umekwisha. Akamrudishia kamera, akageukia ukutani.

Yanru alikaa pembeni ya kitanda, akautazama mgongo ule uliokuwa mpana zamani. Pumzi ya baba yake ilikuja ikikwaruza. Ikakawia. Bila kujijua, naye akabana yake, akangoja.