Boti ya Masanduku ya Chai

Mume wangu Zacheus alirudi nyumbani mwaka wa tisini na nne na sanduku la bati, redio, na miaka ishirini na mbili ya Jeshi la Majini. Kati ya mizigo hiyo mitatu, ni miaka ndiyo iliyotushinda kupata mahali pa kuiweka. Mtu akimuuliza habari za Mombasa, alijibiwa kuhusu mawimbi. Akimuuliza saa ngapi, alijibiwa kuhusu mawimbi. Mimi niliyebaki huku Mogogosiek na watoto watatu na ekari moja na nusu ya chai, niliyasikiliza mawimbi hayo asubuhi, mchana na jioni, hadi nikawa karibu kutapika kama mgeni wa bahari, nikiwa jikoni kwangu.

Kwenye chai hakuwa na faida. Wiki ya kwanza alichuma kapu zima la majani makubwa, magumu kama ngozi, na karani wa kituo cha kununulia chai akalimwaga lote kwenye nyasi mbele ya watu.

"Jeshini tulifundishwa kuchukua kile kikubwa," akajitetea.

Nikamwomba apumzike. Kwa hilo nakiri alikuwa na kipaji. Alipumzika mwaka mzima bila kuchoka.

Halafu akaanza kuangalia bwawa.

Shamba letu linateremka hadi kwenye bwawa ambalo kampuni ya chai ilichimba zamani kwa ajili ya maji ya kiwanda. Ng'ambo yake ni msitu. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, pongo hutoka kule kuja kunywa maji. Ni swala wa rangi ya udongo mwekundu, wana madoa meupe ubavuni kama walionyunyiziwa chokaa, na madume wana pembe zilizojipinda. Nimewaona tangu nilipoolewa. Kwangu walikuwa majirani, tena majirani wenye adabu, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniomba sukari.

Kuwinda kulikatazwa na serikali tangu miaka ya sabini. Na kwa miguu huwezi kufika kule bila kupita mbele ya kibanda cha Arasa, askari wa msitu, Mkisii mmoja mrefu ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona amelala wala amecheka. Lakini kwenye maji hakuna kibanda. Jambo hilo Zacheus aliligundua peke yake, na kwa siku mbili alitembea kifua mbele kama mtu aliyegundua nchi.

Mwenzake alikuwa Gitonga, mwenye hoteli pale senta, penye maduka. Gitonga alikuja kutoka Nyeri akiwa kijana, akatukaangia mandazi hadi akazeeka na sisi. Alikuwa na tumbo kubwa, na moyo mkubwa kushinda tumbo, na aliamini kila neno la mtu aliyevaa koti la jeshi.

"Mama Fancy," aliniambia, Fancy akiwa ndiye kifungua mimba wetu, "huyu mzee amezunguka bahari yote. Bwawa ni nini kwake? Ni kama karai."

"Ulimwona akizunguka?"

"Si ameniambia."

Ushahidi ukawa umekamilika. Wakaenda kwa Gichana fundi.

Gichana alijua kutengeneza vitanda, madawati ya shule na majeneza, na vyote alivitengeneza vizuri. Boti hakuwahi kuiona ila kwenye kalenda. Lakini fundi wa kweli hakatai kazi. Wakati ule kiwanda kilikuwa kimeanza kufunga chai kwenye magunia ya karatasi, na yale masanduku ya zamani ya plaiwudi yalikuwa yamejaa kila boma, watu wakiyafugia kuku. Gichana akayavunja ishirini, akayapigilia misumari, akapaka lami kwenye viungo. Kilichotoka kilikuwa jeneza la mtu mnene sana, lililokosa kifuniko. Ubavuni, kwa herufi nyeusi, yalibaki maandishi ya kiwanda yaliyoagiza kwa Kiingereza kwamba mzigo huu uwekwe mahali pakavu. Niliyasoma kwa sauti. Hakuna mwanamume aliyegeuka.

"Umeijaribu kwenye maji?" nilimuuliza Gichana.

"Mama, mimi ni fundi," akasema. "Mimi si bata."

Walichagua Jumamosi moja mwezi wa Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sisi wanawake tulikuwa tayari kwenye chai, mimi na Chelimo jirani yangu na wengine watatu waliokuja kunisaidia, makapu mgongoni. Tukawaona wakishuka. Zacheus alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya jeshi na kushika upinde wa marehemu baba yake. Gitonga alibeba sufuria ya hoteli, ile ya lita kumi. Nyuma yao akaja Bosi, mbwa wa Gitonga, aliyenenepa kwa mifupa ya supu na ambaye maishani mwake alikuwa amewinda paka mmoja, akamkosa.

"Sufuria ni ya kupikia nyama hukohuko?" Chelimo akauliza.

Ilikuwa ya kuchota maji ndani ya boti. Kazi hiyo ilianza kabla hawajaacha ukingo.

Kwa haki yao, niseme kwamba walisonga. Zacheus alipiga kasia upande mmoja, boti ikazunguka. Akapiga upande wa pili, ikazungukia huko. Kwa kuzungukazunguka hivyo walifika katikati ya bwawa, Gitonga akichota maji na kuyamwaga kama mtu anayepoza chai ya wateja mia. Na ng'ambo, kwenye nyasi, pongo dume alikuwa amesimama akiwatazama. Hakukimbia. Nadhani hakuwa na jina la kitu alichokuwa anakiona.

Zacheus akasimama.

Nilitaka kucheka, lakini niliacha hata kuchuma. Alisimama wima kabisa, upinde umevutwa, mkono hautetemeki, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona kama yule kijana aliyekuja kwetu kuniposa, kabla bahari haijamchukua. Nikajikuta namtakia apige. Mimi, mwenye majirani wale!

Bosi naye akamwona pongo. Ile damu ya uwindaji aliyokuwa amenyimwa tangu azaliwe ilimpanda yote kwa pamoja. Aliruka. Boti ikainama upande aliorukia, ikafikiri kidogo, halafu ikapinduka.

Mshale ulienda juu. Kofia ilielea. Gitonga akaibuka akiwa amekumbatia ubao, anamwita Mungu wake, Ngai, kwa Kikuyu na mama yake kwa lugha zote. Na baharia wangu, mtu wa mawimbi, akaibuka mara moja, macho yametoka, akapiga maji kwa viganja kama mtoto anayepiga matope, akazama.

"Anacheza?" Chelimo akauliza.

Kapu lilikuwa limeshaanguka kutoka mgongoni mwangu. Nilikimbia nikikata mistari ya chai, matawi yakinichana miguu, napiga kelele jina lake, si Baba Fancy, ni Zacheus, kama msichana.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokuwa, maana baadaye yalisimuliwa vingine. Bosi aliogelea hadi ng'ambo, akatokea kati ya pongo na msitu, akaanza kubweka kwa fahari. Pongo akaona njia ya nyumbani imefungwa. Akaruka majini. Pongo anaogelea vizuri kuliko mtu yeyote wa tarafa yetu ya Konoin, na alikuja moja kwa moja upande wetu, kichwa juu, pembe zimesimama. Alipopita pale, mkono wa Zacheus ulitoka chini ukashika kitu cha kwanza ulichokipata. Ilikuwa pembe.

Hakumkamata. Alimshikilia vile mtu anayeanguka mtini anavyoshika tawi. Mnyama akatikisa kichwa, akakoroma, lakini huwezi kupigana ukiwa huna chini pa kukanyaga, kwa hiyo akafanya uamuzi wa busara ambao hakuna mwingine aliyeufanya asubuhi ile: akaendelea kuogelea. Akamvuta mume wangu hadi kwenye matete, akapata matope chini ya kwato, akamtia teke moja la paja, akatoka. Alipita kati yetu wanawake huku akijikung'uta maji, akapanda katikati ya chai yangu, akakunja kona kuelekea msituni kwa njia ndefu. Hakukimbia sana.

Nilimkuta Zacheus amekaa kwenye matope, anakohoa. Nilimshika mashavu, nikaona anapumua, nikamwachia Chelimo. Gitonga alikuwa bado kule katikati na ubao ulikuwa unamshinda.

Mimi nimezaliwa kando ya mto Kipsonoi. Tulikuwa wasichana sita, na ng'ombe walipovuka, nasi tulivuka. Nilivua sweta na gambuti nikaingia. Wenzangu walifunga leso nne ncha kwa ncha, nikashika mwanzo, wao mwisho.

"Mama Fancy, usinishike, nitakuzamisha!" Gitonga akalia.

"Basi nyamaza ushikwe."

Tukavutwa wote wawili kama ng'ombe aliyeanguka shimoni. Alipofika nchi kavu alitapika maji, akaomba msamaha kwa sufuria, ambayo iko kule chini mpaka leo.

Arasa alikuwa amesikia kelele zetu. Akaja na rungu, akatutazama mmoja mmoja. Viatu vyake vilikuwa safi.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunavua samaki," akasema Zacheus.

Arasa akainama, akaokota mshale kwenye matete. "Na huu?"

"Ndoano zilikwisha," Chelimo akajibu haraka.

"Na mbwa?" Ng'ambo, Bosi alikuwa bado anabwekea msitu mtupu.

"Mbwa alikuja kuangalia tu," akasema Gitonga.

Arasa akatazama alama za kwato zilizoandika njia kutoka majini, akatazama paja la Zacheus lililokuwa linavuja damu, akatazama tena kwato. Akaelewa. Mdomo wake ukavutika pembeni, akaurudisha mahali pake kwa nguvu.

"Mzee," akasema, "nikikupeleka stesheni ya polisi, nitaandika nini kwenye kitabu? Kwamba mnyama alipatikana akiwa na mtu bila kibali?"

Akaopoa upinde uliokuwa umeelea hadi kwenye matete.

"Toeni hizo mbao zote kwenye maji ya kampuni kabla ya saa kumi. Upinde nabaki nao. Na mama, pole kwa chai yako."

Zacheus alishonwa nyuzi saba kwenye zahanati. Muuguzi alipouliza kilichompiga, alisema ng'ombe, na muuguzi akaandika ng'ombe. Alasiri nilimkalisha karibu na moto jikoni, mguu juu ya kigoda, nikamwekea uji. Nikamuuliza sasa, hapo hapo.

"Miaka ishirini na mbili. Hujui kuogelea?"

Aliutazama uji hadi ukaota ngozi.

"Nilikuwa mpishi, Bilhah."

"Mpishi melini?"

"Mpishi kambini. Kwenye meli nilipanda mara mbili, ikiwa imefungwa gatini. Nilipeleka mayai." Akakoroga uji bila kunywa. "Likizo ya kwanza nilipokuja, baba aliita watu wote, akasema mtoto wake anaendesha meli. Ningesema nini? Mwaka uliofuata nikaongeza kidogo. Nikazoea."

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nilikuwa nayaweka tangu tisini na nne, yamekauka vizuri, yanawaka. Lakini alikuwa amekaa vile, nywele zina matope, na nilikumbuka jinsi nilivyokimbia. Nikachukua kikombe nikakirudisha motoni.

"Mayai ya namna gani?" nikauliza.

"Ya kukaanga. Mia tatu kila asubuhi," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Hakuna aliyewahi kurudisha."

Tangu siku ile yeye ndiye anayepika kwetu, na majirani wanaotaka kunicheka hunicheka wakiwa wameshiba.

Huko senta hadithi ilifika mapema kuliko mbao. Kufikia Jumapili, mume wangu alikuwa amemrukia pongo majini na kumshinda kwa mikono. Kufikia Jumatano, pongo alikuwa nyati. Zacheus alisimama hotelini kwa Gitonga, mbele ya watu, akasema ukweli: hakumkamata mnyama, alikuwa anazama, yule swala ndiye aliyemwokoa. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima. Wakasema watu wa jeshi ndivyo walivyo, hawapendi kujisifu.

Jumamosi iliyofuata kupona kwa mguu, nilimpeleka kwetu Kipsonoi, mahali maji yanapofika kiunoni na kuna jiwe bapa la kukalia. Alikataa kuvua shati hadi wachungaji wa ng'ombe wapite. Nilimshika chini ya tumbo, nikamwambia apige miguu. Alikunywa maji mengi, akanilaumu, akalaumu mto, akataka kurudi nyumbani kupika.

"Piga miguu, baharia," nikamwambia.

Akapiga. Kufikia Desemba aliweza kutoka kwenye lile jiwe hadi ukingo wa pili peke yake. Ni hatua kama kumi na mbili hivi.