Mahali Pasiposiribwa

...na kwa nini pale, pale tu, hilo Pauline hakupata kulijua, si asubuhi ile ya Jumapili aliposimama nyuma ya nyumba ameshika kamba ya katani na kijibwa kiko upande wa pili wa kamba, si miaka iliyofuata, hata alipozeeka na watu waliosoma wakamweleza mambo ya mbwa na pua zao, alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na swali likabaki lilipokuwa, kwa maana nyumba ilikuwa na pembe zake zote, ilikuwa na uvungu wa kitanda, ilikuwa na nyuma ya mlango ambako hata paka wa jirani aliona panafaa, na kijibwa kilipita kote huko, kikavuka sebule kwa vijiguu vyembamba kama njiti za kiberiti, kikafika kwenye kile kipande cha sakafu kando ya ukuta wa magharibi, kikazunguka, kikachuchumaa, kikakojoa, huku kikimtazama machoni bila aibu na bila ubaya, na hakikumjua mtoto, hakikuwahi kumwona, kilizaliwa Homa Bay katika nyumba ya Mzungu wakati mtoto huyo, Phelesia wake, alikuwa chini ya udongo tangu mvua za mwaka uliopita... haya, alikiambia kijibwa, haya basi, kojoa, na kijibwa kikaketi kwenye umande kikaanza kujikuna sikio. Haya ndilo neno walilochagua, yeye na Javan mumewe, kwa kuwa memsahib, yule mama wa Kizungu, alisema lazima liwe neno moja, siku zote hilo hilo, na mahali pamoja, na baada ya kula, na usimpige wala usimsugue pua kwenye uchafu wake, simama naye tu, ngoja, na akishakojoa msifu, msifu kwa sauti nzuri, Javan aliyaleta maagizo hayo kutoka Homa Bay kama mtu anayebeba mayai, maana alikuwa mpishi wa memsahib huyo na mapishi yote aliyajua hivyo hivyo, kwa kichwa, kwanza hiki halafu kile, naye Benta, mama yake Javan, aliposikia hilo la kusifu aliweka chini ungo wa mtama akapiga makofi, "Yaye! Mimi nimezaa watoto saba, wote walikojoa, nani alinisifu? Hii oyieyo ikikojoa tunaimba?" Oyieyo, panya, hilo ndilo jina alilokipa kijibwa, na Javan alikiita Tofi, na Pauline hakukiita chochote, alisema haya... kutoka jikoni, ile nyumba ndogo ya kando yenye moshi, sauti zao zilikuwa zikimfikia kwa vipande, Benta na Javan, kwa Kijaluo, na wakisema Kijaluo cha haraka namna ile walitaka asisikie, kwani yeye ni mtoto wa Bukira, kule mpakani, Mkuria, na katika boma hili la Kosele walikuwa wamekutana naye kwenye Kiswahili kama watu wanaokutana kisimani, kila mmoja na mtungi wake, alisikia neno mbwa, alisikia neno nyumba, alisikia jina la mtoto na hapo sauti zikashuka. Kojoa basi. Kijibwa kilinusa jani la mnyaa kwenye ua, kikapiga chafya.

Siku Javan alipokileta kilikuwa ndani ya kapu, chini ya koti lake la kanisani, memsahib alikuwa akifungasha kurudi kwao, uhuru ulikuwa umeshazoeleka kiasi cha watu kuanza kuulalamikia, na mbwa wake mdogo wa kukaa mapajani alikuwa amezaa, watoto wakagawiwa, mmoja kwa daktari, mmoja kwa Mhindi wa duka la vitambaa, na mmoja kwa mpishi, Javan akakitoa kapuni, akakiweka kwenye kiganja kimoja, akasema kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba, "Huyu hakui, Pauline. Unavyomwona ndivyo atakavyokuwa, labda zaidi kidogo. Atabaki mdogo siku zote," kisha akasikia alichosema, Pauline alimwona anakisikia, kinywa kikabaki wazi na kijibwa kikabaki kinatetemeka kiganjani, na Benta akasema kutoka mlangoni kwamba maziwa hayatoshi... hakumlaumu, angemlaumuje, mwanamume ambaye hakujua tena amwite mkewe nani, miaka yote alimwita Mama Phelesia, na kwa siku nyingi baada ya mazishi alimwita wewe, wewe, njoo ule, wewe, umelala, hata akachimbua jina la ubatizo ambalo hata padri alikuwa amelisahau, Pauline, akalitamka kama jina la mgeni aliyefika na barua ya kujitambulisha, hakumlaumu, aliona tu kwamba alikuwa ametembea mji mzima akitafuta kitu cha kumwekea mikononi na hicho ndicho alichopata. Kina joto, alisema usiku ule, kishike, kina joto. Joto... hapana, si hilo, asilikumbuke hilo, haya, kojoa, jua limeshapanda, lakini likaja, lilikuja kila mara kwa mlango huo huo, mchana ule wa surua, mtoto kwenye mkeka kando ya ukuta wa magharibi kwa sababu huko kulikuwa na baridi nzuri ya udongo, na yeye amelala kando yake, mkono chini ya mgongo mdogo, homa kama jiwe la jikoni, halafu ghafla unyevu, unyevu wa joto ukaenea kwenye mkeka na kwenye mkono wake na kwenye kanga yake, akafikiri ni jasho, akafikiri homa imevunjika, akaita kwa sauti, "Mama, njoo, anatoka jasho, anapona!" na Benta akaja akikimbia na kijiko cha uji mkononi, akatazama, akakiweka kijiko chini polepole sana, maana Benta alikuwa ameshawaona watu wengi wakienda na alijua mwili unapoachilia unaachilia nini... na yeye bado anacheka. Bado anacheka, akimpangusa. Phelesia aliyekuwa akikojoa mkekani kila usiku, msichana wa miaka minne, mpaka watoto wa jirani wakamtungia maneno, na Pauline alikuwa akiuanika mkeka kila asubuhi akimwambia leo tutanunua ziwa zima tulihamishie hapa, na mtoto anaanguka kwa kicheko, basi hata mara ile ya mwisho alikojoa pale pale, na mkeka ukaenda naye, na blanketi likaenda naye, na kanga yake wanawake waliichukua wakaifua mtoni kabla hajajua kukataa, kikabaki nini, ikabaki sakafu.

Haya, kijibwa, haya. Ikabaki sakafu, na matanga yalipokwisha wanawake walikuja na makarai yao, mavi ya ng'ombe na udongo mwekundu na majivu, kuisiriba nyumba upya kama inavyopasa, msiba usikae ndani na watu, walianza chumbani wakaja sebuleni, walipofika pale walimkuta yeye, amelala chini ubavu, uso ukutani, wakamwambia inuka dada, wakamwambia inuka mke wetu, Magige kaka yake, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Bukira, akamwambia kwa Kikuria kwamba unatuaibisha, na Benta ndiye aliyesema, "Mwacheni. Siribeni pembeni yake," nao wakasiriba pembeni yake, mikono yao ilipita karibu na nywele zake, karibu na magoti, alisikia ubaridi wa samadi mbichi usoni, na alipoamka jioni palikuwa na kipande kikavu, cha kijivu, umbo la mtu aliyejikunja, katikati ya sakafu mpya. Tangu hapo kila iliposiribwa nyumba ilisiribwa kukizunguka, na kwa kuwa kila safari inaongeza unene wa kucha, kipande kile kilizama, kikawa bonde dogo, kama sahani, na sasa mkojo wa kijibwa ulikusanyika humo ukang'aa. Yeye mwenyewe alikuwa amelala pale mara ngapi, wakiwa wote wameenda shamba, pua kwenye udongo, akivuta pumzi mpaka kichwa kizunguke, na hakupata kitu, udongo tu, na vumbi, na kama mvua ya zamani, alijaribu asubuhi, alijaribu kukiwa na unyevu maana walisema harufu huinuka na unyevu, hakupata kitu, mtoto alikuwa ametoka kwenye pua ya mama yake... halafu siku ya kwanza kabisa kinakuja kijibwa, kinashushwa kapuni, kinanusa, kinavuka sebule moja kwa moja. Moja kwa moja! Kwa hiyo yupo, alifikiri, bado yupo, kinamsikia, hiki kidudu cha mapajani kinasikia ninachokosa mimi niliyemzaa, na wivu ukampanda, wivu wa mbwa, hata akakipenda kwa wivu huo, akawa anakitazama kikienda pale kama mtu anayemtazama mpiga mbiu akitangaza jina lake, na ndiyo maana, hilo hakumwambia Javan, ndiyo maana siku nyingine alichelewa kukitoa nje. Alifunika pale kwa kigoda, kikasukuma kigoda. Akaweka kapu, kikaingia nyuma ya kapu. Na nyumba ikanuka, ndiyo, wageni walikunja pua, katekista alikuja akakalia ukingo wa kiti, akaomba dua fupi.

Jikoni sasa waliacha Kijaluo. Alijua maana yake, walitaka asikie, au walikuwa wamechoka kuficha. "Basi mbwa aende," Javan alikuwa akisema, "Ombui wa Rongo alimtaka, nitampelekea leo hii, mimi ndiye niliyemleta, makosa yangu." Na sauti ya Benta, kali, "Aende apate nini? Hii mbwa iko na makosa gani? Wewe unakuja Jumamosi unaondoka Jumapili, wewe unaona nini? Kabla ya hii oyieyo huyu mtoto wa watu alikuwa analala pale chini asubuhi mpaka jioni, hapiki, haogi. Sasa anaamka. Sababu iko na mtu wa kupeleka nje kukojoa! Ondoa mbwa, atarudi pale chini, na hiyo siku nyingine hatainuka, nakwambia." Kuni zikalia. Pauline alisimama na kamba yake, uso ukimchoma, hakuwa amejua kwamba alikuwa akionekana, alidhani huzuni ni chumba ambacho mtu hufunga mlango, kumbe mwanamke huyu mwenye mdomo wa upanga alikuwa akimhesabia kila kuamka kwake... "Basi pasiribwe pale," Javan akasema, kwa sauti ya chini, "isipokuwa hivyo mbwa hataacha, memsahib alisema, ni ile harufu, anarudia harufu yake mwenyewe." Yake mwenyewe. Kijibwa kilikuwa kimesimama, kimeelekeza masikio jikoni. Yake mwenyewe... hakuwa amewaza hilo, au aliliwaza na kuligeuzia mgongo, labda siku ile ya kwanza harufu ilikuwa ya mtoto, labda, nani ajuaye, lakini siku ya pili ilikuwa ya mtoto na ya mbwa, na siku ya tatu, na wiki hii, na ile nyingine, kila mara harufu yake juu ya ile ya mtoto, kila alipochelewa kwa makusudi kukitoa nje ili aone tena kikienda, ndivyo kilivyomfunika, tone kwa tone, na yeye amesimama mlangoni anatazama kwa mapenzi, ewe Mungu, wanawake wenye makarai hawakumfunika mtoto, aliwazuia kwa mwili wake, kumbe mlango wa nyuma ameuacha wazi, na sasa anacholinda pale, anachokizuia kisisiribwe, ambacho mama mkwe anakizunguka kwa heshima, ni mkojo wa mbwa. Alitaka kucheka. Phelesia angecheka, angeanguka chini. Machozi yalishuka yakaingia mdomoni, hakuyafuta, mkono mmoja ulikuwa na kamba na ule mwingine ulisahau kazi yake. "Mimi siwezi, Javan," Benta alikuwa akisema, na sasa sauti ile haikuwa na upanga, "ngapi Jumamosi nimeleta mavi ya ng'ombe nikisema leo. Nasiriba baraza. Nasiriba huku jikoni. Nikifika pale hii mkono inakataa. Ni mimi nilishika kijiko ya uji."

"Siribeni," Pauline akasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko alivyotaka, ikapita juu ya ua. "Siribeni leo. Kabla ya kanisa." Benta akatokeza kichwa mlangoni, kitambaa kimelegea, akamtazama yeye, akatazama kijibwa. "Umesema nini, nyathina, mwanangu?" "Pasiribwe. Lakini si mimi, Mama. Mimi nina huyu." Akainua kamba kidogo, kumwonyesha. "Nani basi?" Benta akauliza, "nani, mimi nimekwambia..." na hapo Javan akatoka nyuma yake, amevua koti, amevua viatu, anakunja mikono ya shati lake jeupe, akalichukua karai pale kivulini. "Yaye, Javan! Mwanamume asiribe nyumba? Watu wanapita hapa kwenda kanisani!" "Wapite," Javan akasema, "kila siku nakanda unga wa Wazungu, Mama, hakuna aliyekuja kunitazama," akaingia, hakumwangalia mkewe, na Pauline alishukuru kwamba hakumwangalia. Kijibwa kilinusa mahali pamoja, kikanusa pengine, hakikukojoa. Haya, alisema. Kutoka ndani ilianza kusikika ile sauti ya kiganja kilicholowa kikipita juu ya udongo, nzito, isiyo na mazoea, ikaenda kwa muda, ikasimama, ikasimama muda mrefu, naye akashika kamba kwa mikono miwili, kisha ikaanza tena, na iliamuliwa hivyo, pasiribwe, na aliyepasiriba ni Javan, kwa magoti, peke yake, huku mama yake akimwelekeza toka mlangoni ameipa sebule mgongo, toka ukutani uje huku, maji kidogo, hapo polepole, Javan, hapo usikandamize.