Mhuri kwenye Goti

Miguu ya Ngai ilinuka kama dagaa waliosahaulika kwenye mfuko. Mwaka ule hapa Hong Kong maji yalikuwa yanafunguliwa masaa manne tu, kila baada ya siku nne, kwa hiyo wote tulinuka. Ila Ngai alinawa. Alinawa kwa maji ya Pui, moja ya ndoo mbili ambazo Pui alizipandisha mwenyewe ghorofa saba hadi juu ya paa, tunapofanyia mazoezi ya ngumi kwa Mwalimu Fung; Ngai ndiye mwanafunzi mkubwa, tunamwita kaka.

"Asante, mdogo wangu," Ngai alisema, akijisugua katikati ya vidole. Ndoo ikageuka mchuzi. "Leo nakufundisha teke la chini."

Pui akainama. "Sawa, kaka."

Hapo nikageuka kuwatazama. Teke letu la chini ni la watu walioshikana mikono kifuani: mwenzako haoni miguu, unamkanyaga. Kwenye mazoezi mwisho ni muundi, mfupa wa chini ya goti; goti lenyewe haligusi mtu yeyote. Lakini mwezi ule wawili walishikana na Ngai, wakashuka ngazi kwa makalio. Yeye akaapa aligusa muundi, eti magoti walikuja nayo mabovu kutoka kwao.

Pui kazi yake ni kufunga mianzi ya ujenzi, anapanda ukuta kama mjusi. Bila goti, hali chakula.

Nilishamwonya. "Kaka mkubwa hawezi kuniumiza," alinijibu. "Na wewe Shek, chuo umekiacha njiani kwa utani wako, sasa unataka kutuharibia na hapa?"

Basi Ngai akiwa anajipangusa, nikaiba kikopo cha wino mwekundu wa mhuri wa Mwalimu Fung, ule mzito wa mafuta, nikapaka viatu vya Ngai kwa chini, pale unyayo unapobonyea, pasipogusa sakafu. Ndipo teke linapotua.

Kasoro ya mpango ilikuwa moja: lazima goti lipatikane. Nikatazama la Pui. Nikatazama suruali yangu, nyeupe.

"Kaka, anza na mimi."

"Mtani leo ana hamu ya kulia?"

Tukashikana mikono. Bega lake likalegea kidogo, halafu kitu kikalia ko! Kumbe ni mimi.

Nikaanguka. Katikati ya goti, alama nyekundu kama barua iliyopita posta.

"Muundi huo!" Ngai akasema haraka.

"Mwalimu, njoo uone," nikaita.

Mwalimu Fung akaja na kikombe chake cha chai. Akatazama goti. Akatazama kiatu cha Ngai. Alielewa, nilimwona. Kisha akazungusha macho kwenye paa zima, paa la babake Ngai, mwenye jengo, akanywa funda moja.

"Nani kachezea wino wangu? Pui, ile ndoo nyingine, mletee kaka yako asafishe kiatu."

Pui akaiendea ndoo, akaiinua. Nikajisemea, akimpa natapika hapa hapa. Akanijia mimi, akachuchumaa.

"Panda mgongoni, mjinga wewe."

"Pui! Nimesema maji!"

"Haya ni ya mama, Mwalimu. Hajapika wali."

Tukashuka ghorofa zote saba, ndoo mkononi, mimi mgongoni, pua yangu imezama shingoni mwake. Alinuka vibaya sana, jamani. Lakini magoti yake hayakutetemeka hata ngazi moja.