Mke wa Simeoni

Mwenyekiti wa mtaa alimkuta Yunisi nyuma ya nyumba yake, Mwankoko, akipura alizeti peke yake. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Mama, watu wa bima wamepiga simu ofisini, wanakutafuta. Kuna mtu amekuandika kwenye bima yake ya maisha. Anaitwa Simeoni Chilewa."

Yunisi alilirudia jina lile moyoni. Halikumletea sura yoyote. Hakuwahi kuolewa. Wazazi wake walishatangulia, na dada yake Eliza, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa kaburini kwa miaka kadhaa sasa. Watu waliobaki kumtafuta ni wanunuzi wa mbegu, na wazee wa kanisa wakati wa mavuno.

Kesho yake alikwenda mjini. Kwenye ofisi ya bima alipokelewa na binti mmoja, Catherine, aliyemwamkia kwa heshima, akamsogezea kiti na kumweleza taratibu. Simeoni alikata bima zamani, alipokuwa kibarua kwenye ujenzi wa barabara ya Manyoni. Muda wa bima ulishaisha, lakini hakuja kudai hela zake na simu yake haikupatikana. Mahali pa kuandika mrithi aliandika Yunisi, mpishi, wa Mwankoko. Pa kuandika uhusiano aliandika rafiki.

"Kama yu hai, ni zake," Catherine alisema. "Kama amefariki ni zako, ila tutahitaji cheti cha kifo. Anwani yake ni ya Kilimatinde."

"Mwanangu, pale Issuna, kwenye kambi ya barabara, tulikuwa tunalisha watu wengi mno. Mimi simkumbuki."

"Yeye alikukumbuka, mama."

Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani. Alipika ugali wake mdogo, akaula, akaosha sahani moja. Baada ya wiki alipanda basi la Manyoni, na kutoka Manyoni akachukua bodaboda hadi juu Kilimatinde. Alijiambia anafuata cheti. Lakini njia nzima alikuwa akijaribu kukumbuka uso.

Watu walimwelekeza kwa bibi mmoja mjane, Dorika, ambaye Simeoni alikuwa amepanga kwake. Alimkuta ameketi kwenye mkeka akibangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Umetokea wapi?"

"Singida, Mwankoko. Naitwa Yunisi. Namuulizia Simeoni Chilewa."

Mikono ya Dorika ilisimama. Alimtazama mgeni wake kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Umekuja sasa. Tulimzika wakati wa mvua za mwaka juzi."

Yunisi alikaa kwenye ukingo wa mkeka bila kukaribishwa.

"Mume wangu alimpenda kama ndugu yake, mimi nikamwita kaka," Dorika aliendelea. "Tulimwambia aoe. Anasema, nina mke Mwankoko, Yunisi, anauguza mama yake, hawezi kumwacha. Kila mwaka mama anaugua. Alipolazwa nikamwambia, kaka, nipe namba ya wifi nimpigie. Akasema, msimsumbue. Sasa na wewe, wifi, hata kuuliza? Mlikosana?"

Yunisi alifungua kinywa aseme kwamba hakuwa mke wa mtu. Akayaacha maneno hayo. Angeyasema, yule mtu angekuwa mwongo hapa mahali pekee alipokuwa na watu.

"Hatukukosana," alisema.

"Hata siku moja hakukusema vibaya. Alikuwa akitusimulia, akitoka zamu usiku anakuta umemwekea ugali, umeufunikia sahani, na mboga umeiacha pembeni ya majivu isipoe. Anasema, tangu afiwe na mama yake hakuna mwingine aliyewahi kumwekea chakula."

Yunisi aliyakumbuka majivu yale, na sahani za bati zilizopangwa ukutani. Aliwafunikia wote wa zamu ya usiku. Ndivyo msimamizi alivyoagiza. Asubuhi alikuta sahani tupu, na hakujua ipi ni ya nani.

"Nisamehe, wifi," alisema, na neno hilo lilitoka kana kwamba amelizoea.

Dorika alimpeleka makaburini. Kaburi la Simeoni lilikuwa tuta la udongo lililotitia upande mmoja, na msalaba wa mbao uliofutika maandishi. Yunisi alisimama pale akitafuta swali ambalo mke angeweza kuuliza.

"Mwishoni alikuwaje?"

"Alikonda sana. Lile pengo lake la mbele likazidi kuonekana akicheka."

Aliliwaza pengo. Hakupata mtu. Alilia hata hivyo, na Dorika, akidhani analia kwa sababu nyingine, alimshika bega.

Usiku ule Yunisi alilala chumba cha Simeoni, kitanda cha kamba na dirisha moja. Asubuhi Dorika alimtolea kibali cha mazishi, wakaenda pamoja kwa mtendaji wa kijiji. Kule wilayani ilimbidi arudi tena na tena kabla ya kupata cheti.

Hela zilipoingia, Catherine alimpigia simu kumpongeza. Hazikuwa nyingi kama majirani walivyodhani. Yunisi alirudi Kilimatinde na saruji, fundi akalijengea kaburi. Alipomaliza, fundi aliuliza kama aandike pia jina la mjane.

"Andika la Simeoni tu," Yunisi alisema.

Alitaka kumwachia Dorika nusu ya hela zilizobaki. Dorika alizirudisha mkononi mwake na kumfumba vidole.

"Hela ya mjane hailiwi na wifi," alisema. "Kula mwenyewe na watu wako."

Zilibaki benki. Yunisi hakujua azifanyie nini. Nyumba ilikuwa na bati, na mtu mmoja hali gunia.

Jumapili jioni simu yake iliita. Alikuwa ametoka kanisani, ameketi mlangoni na kanga begani, na barabara ilikuwa tupu.

"Wifi," sauti ya Dorika ilisema, "hamjambo huko? Wote wazima?"

Yunisi aligeuka akatazama ndani, kwenye meza na kile kiti kimoja.

"Hatujambo, wifi," alijibu. "Sote wazima."