Upande wa Pili

Mwanamke alivuta pumzi kabla gitaa halijaanza.

Mzee Lusweti alibonyeza kitufe, kaseti ikasimama. Alizivua zile hedifoni nzito alizoletewa na Celine, akazitazama kwa ndani kama mtu anayetafuta mdudu kwenye kiatu.

"Umesikia?"

"Nisikie vipi, babu, na hedifoni umevaa wewe?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, Makina, Nairobi. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma bati la kibanda chake cha kutengenezea redio. Redio za wateja zilining'inia ukutani, tatu kati ya hizo zikiwa zimewashwa, kila moja na stesheni yake, kwa maana Lusweti alipenda kujua kwamba kazi yake ya jana bado inasimama leo. Ng'ambo ya mtaro, spika ya Mourine wa saluni ilikuwa ikitikisa vioo.

Celine alikuwa mjukuu wa Omolo, marehemu, aliyepiga gitaa miaka mingi katika ukumbi mmoja wa Kawangware. Yeye mwenyewe alitengeneza muziki kwa kompyuta, katika chumba cha kupanga kule Kianda. Mwezi mzima alikuwa akija kibandani kubishana na mzee, na mzee alikuwa akimngoja, ingawa hangekubali kusema hivyo.

"Nyimbo zenu kompyuta inaimba, nyinyi mnapumzika," Lusweti humwambia.

"Na zenu, babu, zina dakika kumi na mbili. Tisa mtu anasalimia matajiri kwa majina."

"Walikuwa wamelipia. Na watu sita walikuwa chumba kimoja, maikrofoni moja. Mmoja akikosea, wote wanamfuata mpaka kosa linakuwa wimbo. Hicho mtakitoa wapi?"

"Basi weka tusikie. Kila siku Omolo, Omolo. Mimi mwenyewe sijawahi kusikia gitaa lake."

Hapo ndipo Celine alipomshika mzee. Omolo hakuwahi kutoa santuri. Wimbo wake ulipigwa redioni mara moja tu, jioni moja ya mwaka 1984, na Lusweti akaunasa wimbo ule kwa redio kaseti yake ndogo. Hakuna nakala nyingine aliyoijua. Kaseti ilikaa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia kwa miaka, na leo ameileta, na Celine ameleta kompyuta, waya na hedifoni. Mzee alikataa kuunga waya kabla hajajua kama utepe unazunguka.

Aliirudisha kaseti nyuma, akavaa tena, akaiwasha.

Gitaa la Omolo liliingia likichechemea, kama alivyolikumbuka. Lakini chini yake kulikuwa na kitu. Alidhani ni saluni. Akaziba hedifoni kwa viganja. Kila mara Omolo alipoachia uzi ili avute mwingine, katika ile nafasi isiyofika hata sekunde, palikuwa na mtu anazungumza. Si kuimba. Alizungumza taratibu, kwa Kibukusu, lugha ya kwao Lusweti, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. Gitaa likirudi, anafunikwa. Likiacha, bado yupo, ameendelea mbele.

Dakika mbili Lusweti alisikiliza hivyo. Kisha akazima.

"Umesikia nini, babu?" Celine aliuliza.

Lusweti aliitoa kaseti, akaiinua kwenye mwanga. Juu ya kila kaseti kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja cha kila upande. Ukikivunja, mashine inakataa kurekodi juu ya upande huo, mpaka mtu azibe tundu. Kijijini kwao, siku zile, waliotuma barua za kaseti walivunja kijino wakimaliza kusema, kama wengine walivyolamba bahasha. Utingo wa basi aliileta Nairobi, nawe ukaenda kuichukua stendi. Rachael, mke wa Lusweti, hakujua kuandika. Alijua kusema.

Kijino cha upande wa kwanza kilikuwa kimevunjwa. Cha upande wa pili kilikuwa kimevunjwa pia, na kwenye tundu lake palikuwa na kikaratasi cha gazeti kilichokunjwa mara nne na kushindiliwa.

Aliujua mkunjo ule kuwa wake mwenyewe. Bado hukunja hivyohivyo.

"Nilidhani hakusema kitu upande huu," alisema, akiiambia kaseti zaidi ya Celine. "Upande wa kwanza alinisalimia. Watu wote wazima, mahindi yamekomaa, Christine ameanza kutembea. Nikaona kijino cha huku kimevunjika, nikasema, labda mtoto amekichezea. Omolo alikuwa anaanza redioni. Sikuwa na kaseti nyingine."

"Nani alikusalimia?"

"Mama Christine."

Celine alijua, kama mtaa wote ulivyojua, kwamba mzee alifiwa na mke kijana na hakuoa tena. Alichokuwa hajui ni kwamba Rachael alifariki wiki tano baada ya kaseti ile, akiwa na mimba ya miezi minane. Siku ya mazishi mama mkwe alimshika Lusweti mkono, akamuuliza swali moja, kwa sauti ya chini: "Ile kaseti uliisikiliza yote?" Akamjibu ndiyo. Mama mkwe akauachia mkono wake na hakumgusa tena mpaka naye akafa. Miaka arobaini Lusweti alidhani ni uchungu wa mzazi tu.

Celine alikuwa ameshaanza kufungua kompyuta. "Niunganishe waya. Nitarekodi vyote pamoja, halafu nitenganishe. Gitaa huku, sauti kule."

Lusweti alipitisha pamba kwenye kichwa cha kusomea, kile kinachogusa utepe, akamwonyesha. Pamba ilikuwa ya kahawia, kama iliyofuta ugoro.

"Utepe unabanduka. Huo unga ndio sauti yenyewe. Utacheza mara moja tena, hautarudi." Alivuta pumzi. "Na redio yangu ile ilikuwa ya bei rahisi. Kichwa chake cha kufutia kilikaa juu kidogo, hakikufuta mpaka ukingoni. Yeye amebaki pale ukingoni, upana wa unywele. Nikisoma katikati, ni Omolo, na yeye utapata vipande visivyo na maneno. Nikikishusha kichwa nimfuate yeye, Omolo anapotea. Kompyuta haiwezi kukutengea kitu ambacho hakikusomwa."

Celine aliitazama kaseti muda mrefu. Ng'ambo wimbo uliisha, ukaanza mwingine uliofanana nao.

"Hakuna picha yake hata moja nyumbani," alisema. "Babu Omolo. Hata moja."

"Najua."

"Mama anasema nina vidole vyake. Nilitaka tu kusikia kama ni kweli."

Kaseti ilikuwa ya Lusweti, lakini wimbo haukuwa wake, na mwezi mzima alikuwa ameutumia kumshinda msichana huyu. Alishika waya wa kompyuta, akausogeza karibu na tundu la mashine.

Celine aliutoa mkononi mwake, akauweka chini. Akachagua kati ya bisibisi zilizokuwa kwenye kopo, akapata ile nyembamba kuliko zote, akampa.

"Umeniimbia huo wimbo kwa mdomo mpaka nimechoka," alisema. "Utaniimbia tena pole pole, nitaunyoosha mwenyewe. Nitatoa na hizo salamu za matajiri."

"Usitoe salamu."

"Tutabishana baadaye, babu."

Lusweti aliitia kaseti tena, akairudisha mwanzo, akavaa hedifoni. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu iliyo kando ya kichwa cha kusomea, akabonyeza kitufe. Mwanamke alivuta pumzi. Gitaa likaingia. Lusweti akazungusha skrubu kidogo sana, upana wa dakika moja kwenye uso wa saa, na Omolo akaanza kuzama. Zilizama kwanza nyuzi nyembamba, kisha sauti yake, kisha yale makofi ya watu sita katika chumba kimoja, mpaka ikabaki kama sherehe ya jirani wa mbali. Juu yake, karibu mno, karibu kuliko mdomo wa mtu, Rachael akasema:

"Zima redio kwanza, Baba Christine."

Lusweti alisimama. Aliizima ya kwanza ukutani, ya pili, ya tatu, waya wa hedifoni ukimvuta shingo. "Mwambie Mourine azime," alisema, na Celine, aliyekuwa hajasikia neno, akaruka mtaro. Baada ya muda spika ya saluni ikakatika, na mstari mzima wa vibanda ukawa na ukimya ambao haukuzoeleka pale, hata mwenye mkaa akatoka nje kuangalia.

"Sasa hivi niko peke yangu," Rachael aliendelea, kwa Kibukusu chake cha kuburuta. "Yale ya upande ule niliyasema watu wakiwa ndani. Miguu imevimba mpaka viatu vyako haviniingii. Naona vitu vinametameta machoni. Mama anasema ni kawaida ya mimba. Mimi najua si kawaida. Sitaki pesa ya dawa. Nataka uje unipeleke mjini wewe. Kila kaseti unayonitumia, nyuma yako kuna muziki, sijawahi kukusikia wewe peke yako. Nitanyamaza kidogo sasa. Useme unakuja lini."

Akanyamaza.

Celine alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Aliona unga wa kahawia ukishuka kwenye kaunta, na utepe uliokwisha kupita ukijiviringisha kwenye gurudumu ukiwa mweupe, unaopitisha mwanga. Sindano ya kupimia sauti ilikuwa imelala kwenye sifuri. Mzee alikuwa ameinamia mashine, mikono yote miwili juu ya hedifoni, na midomo yake ilikuwa inatafuta kitu.

"Nakuja leo," alisema.

Magurudumu yalizunguka. Sindano ikainuka mara moja, taratibu, kama inavyoinuka mtu anapovuta pumzi ili ajibu, ikabaki hapo juu.