Mapaja ya Baroni

Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuyatazama mapaja ya Baroni. Alikuwa dume la nguruwe mwenye mabaka meusi, na mapaja yake yalijaa mnofu hata mchinjaji wetu akiyapapasa humeza mate. Mafuta ya mgongoni hayakuzidi unene wa kidole changu. Mume wangu Omer alimpenda nguruwe huyo kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Kasoro yake ilikuwa moja: mshtuko mdogo tu ungemuua. Baba yake alikufa siku mlango ulipobamizwa. Shangazi zake wawili walifia njiani kwenda machinjioni, na nyama yao ikatoka nyeupe, inachuruzika maji. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulinong'ona, miaka saba mizima. Hata kugombana tuligombana kwa kunong'ona, na jamani, hakuna ugomvi usio na ladha kama huo.

Daktari wa mifugo, Bwana Lambiotte, alituambia wazi tukinywa kahawa jikoni.

"Omer, hii ni jeni. Nguruwe akiirithi kwa baba na kwa mama, anapata mapaja hayo na kifo hicho. Vinakuja pamoja. Nawe umepandisha binti kwa baba, mjukuu kwa babu, mpaka zizi zima limejaa."

"Daktari, punguza sauti."

"Nunua majike wa ukoo mwingine, nguvu zirudi."

"Nipate watoto wenye mapaja ya kuku? Ng'o!"

Basi ikaja harusi ya Yvette, mtoto wetu wa pekee. Kwetu bibi harusi huchukuliwa mlangoni kwa baba yake na bendi ya matarumbeta. Akitoka kimya kimya, watu huanza kumhesabia miezi ya mimba. Yvette aliingoja siku hiyo tangu ana miaka sita, na mchumba wake Firmin ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi yenyewe.

"Bendi ianze kupiga kanisani," Omer alinong'ona. "Hapa wapite kwa kunyata. Maonyesho ya mifugo ni wiki ijayo, mwanangu."

"Na harusi yangu je, Baba? Ni ya mwakani?"

"Shhh!"

Jumamosi wanaume kumi na wanne wakaingia uani kwetu kwa ncha za vidole, matarumbeta kwapani, Firmin na ngoma yake kifuani, kama wezi wa kuku. Yvette alisimama mlangoni na viatu mkononi. Hakulia. Mimi ndiye niliyemlilia, moyoni.

Omer alikuwa amekwenda bandani kumuaga Baroni. Alivaa suti mpya na kofia ndefu nyeusi, akajimwagia manukato ya harusi. Maskini Baroni! Alimjua Omer wa mabuti na harufu ya pumba. Alipomwona bwana huyu mgeni anamwinamia, alitetemeka, akahema, akaanguka. Tulipofika, miguu ilishakakamaa na mwili unawaka moto.

Omer alipiga magoti kwenye majani. "Nani amekohoa?" aliuliza. "Semeni! Nani amekohoa?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia akajitazame kwenye kioo.

"Pole, Baba," Yvette alisema, na alimaanisha, kwani ana moyo mzuri kuliko mimi. Kisha akauliza, "Sasa bendi inaweza kupiga?"

Omer alifuta machozi kwa kitambaa cha harusi. "Hapana. Mwanawe yuko banda la pili. Ana mapaja yale yale."

Nilimtazama binti yangu, soksi zake nyeupe zimelowa tope la zizini. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Firmin, nipe hicho kigongo cha ngoma."

"Mama mkwe, lakini Baba kasema..."

"Nipe, nimesema!"

Niliipiga ngoma ile kwa mikono miwili, palepale uani. Njiwa wote wakaruka. Kisha wanaume wakatazamana, wakainua matarumbeta. Nilimrudishia Firmin kigongo chake. Yvette akavaa viatu, akanishika mkono mimi, tukaelekea kanisani na muziki wote wa kijiji nyuma yetu.

Niligeuka mara moja tu, nikidhani Omer anatufuata. Alikuwa anakimbilia banda la pili.