Kumpunguza Wat

Mbwa alirudi peke yake. Grizel alimsikia akikwaruza mlango, na alipofungua, theluji ilimwangukia mpaka magotini. Mbwa alipita pembeni yake, akajilaza karibu na moto bila kumwangalia mtu. Asubuhi ile alikuwa ametoka na Wat, mume wa Grizel, kwenda mlimani kuwateremsha kondoo wenye mimba kabla dhoruba haijakaza.

Majirani walitafuta mpaka wakachoka. Walichoma theluji kwa fito ndefu, wakakuta kondoo waliokufa wamejibana kwenye ukuta wa mawe, lakini Wat hawakumpata. Theluji ilipoyeyuka, Grizel alipanda tena mwenyewe, mtoto wao mchanga mgongoni, akachungulia kila korongo na kila kinamasi. Hakuona hata kiatu.

Kilichoharibu mambo ni kwamba wiki ileile ya dhoruba walipita watu wa jeshi wakipiga ngoma, wakiandikisha vijana wa kwenda kupigana vita vya Ujerumani. Wachache wa bonde lile walikwenda, wengine bila kuaga. Mause, mama yake Wat, alilishika jambo hilo kwa mikono miwili.

"Yuko vitani," alisema akikoroga uji. "Wat hakuwa mtu wa kuaga. Hata alipokuja kukuposa hakuniambia."

"Mama, koti lake la safari hili hapa."

"Jeshini wanapewa makoti."

Grizel hakubishana naye. Angebishana kwa nguvu zipi? Ardhi yote ya bonde ilikuwa ya bwana mmoja, na kila aliyepewa ngwe zake alizilipia kwa kazi: kumlimia bwana, kumkatia mboji, ule udongo mweusi wa kinamasini unaokaushwa na kuwashwa moto, kumbebea samadi, kumvunia. Nyumba ya Wat ilipangiwa kazi ya watu wawili, mume na mke. Masika yalipoingia mtu alibaki mmoja, na siku za bwana zikabaki vilevile. Grizel alifanya zake, kisha akafanya za Wat. Alitoka na giza, akarudi na giza. Ngwe zao wenyewe zilikaa bila kuguswa na jembe. Maziwa yalianza kumkauka, na mtoto akawa analia mpaka sauti inamkatika.

Pringle, msimamizi wa bwana, hakuwa mtu wa matusi. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bibie, naona mboji yenu imekatwa nusu."

"Nitaimalizia."

"Lini? Kulima kumeshaanza. Mimi sikugombezi, nakueleza tu. Ikifika Pentekoste na mambo ni haya haya, nyumba atapewa mwingine. Nina binamu yangu ana wana watatu, wote wana misuli kama mafahali."

Aliyempa Grizel shauri ni jirani yao, Dandie Laidlaw, mgane aliyeendesha maksai wa bwana. "Nenda barazani," alimwambia. "Waombe wa-*defalk* siku za Wat."

Grizel alilijua neno hilo tangu utotoni. *Defalk* ilikuwa kupunguza, kukitoa kitu katika jumla. Na wazee walilitumia pia kwa kulegeza, kumwachia mtu apumue. Baba yake alilitamka kwa furaha mwaka ule mafuriko yalipobeba shayiri na bwana akakubali kupokea kidogo. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu naye anaweza kupunguzwa.

Baraza lilikaa kwenye ghala la kinu. Hakimu wa bwana alikuwa na mafua, akifuta pua kila baada ya maneno mawili.

"Siku za marehemu hupunguzwa," alisema. "Huo ndio utaratibu. Marehemu yuko wapi?"

"Mlimani, mheshimiwa."

"Mlimani wapi?"

Nyuma yake Pringle alisema polepole, "Au Ujerumani," na watu wakacheka.

Hakimu hakucheka. Alimpa muda mpaka baraza lijalo, siku chache kabla ya Pentekoste. Alete maiti, au kitu alichokuwa amevaa, na mama mzazi aje aape kwamba mwanawe amekufa. "Mke anaweza kumchoka mume," alisema akifuta pua. "Mama hamchoki mtoto wake."

Nyumbani, Mause alimsikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kuchambua sufu.

"Kwa hiyo unataka nikaseme amekufa."

"Nataka tule, mama."

"Wakimpunguza leo, kesho akirudi, atarudi kama nani? Nani atampa jembe? Nani atamfungulia mlango?"

"Mimi nitamfungulia."

"Wewe umeshamzika. Nakuona unavyopita hapo ukitazama chini, unatafuta mifupa." Mause aliitupa sufu kapuni. "Mimi nilimzaa mzima. Wakitaka kumkata wamkate wao. Ulimi wangu hawaupati."

"Basi mwanawe ndiye atakayepungua," Grizel alisema. "Mshike. Mshike uone alivyo mwepesi."

Mause hakumshika. Aligeukia ukutani.

Wat alikuwa na kofia mbili za buluu, zote za sufu, zote zimefumwa na mama yake. Moja alitoka nayo siku ya theluji. Ya pili, iliyochakaa, ilikuwa chini ya sanduku. Grizel aliichukua akaenda nayo kwenye kinamasi, akaizamisha kwenye maji meusi, akaisugua kwenye jiwe, akaichana kwa meno. Sufu ilikuwa bado na harufu ya nywele zake. Alilia huku akiichana, lakini hakuacha.

Siku ya baraza, Mause alivaa shuka lake la kanisani akatoka bila kuulizwa. Walitembea mmoja mbele, mmoja nyuma. Grizel hakujua mwenzake anakwenda kusema nini, na hakuthubutu kuuliza.

Hakimu aliiinua ile kofia kwa ncha za vidole. "Imepatikana wapi?"

"Kwenye kinamasi, mheshimiwa, juu ya zizi la mawe."

"Wewe mama, isogelee. Ni kofia ya mwanao?"

Mause aliipokea. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Grizel aliona kidole kinasimama, na papo hapo akajua kwamba mwanamke yule ameitambua. Aliyefuma kofia mbili atashindwaje kuzitofautisha?

"Ni ya Wat," alisema Mause.

"Ndiyo aliyotoka nayo siku ile?"

Mause aliikunja kofia ile, akaibana kifuani.

"Ndiyo. Mwanangu amekufa."

Aliapa, mkono juu ya Biblia, kwa sauti ambayo Grizel hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Hakimu alitikisa kichwa kukubali. "Siku za Wat zipunguzwe kuanzia leo."

Grizel alikuwa ameanza kuvuta pumzi Pringle aliposimama. "Na ngwe zake pia, mheshimiwa. Nyumba ya watu wawili ilipewa ardhi ya watu wawili."

Hakimu alifikiri. Haikuonekana kama jambo walilopanga. Pengine ndiyo maana liliuma zaidi. "Hilo ni kweli," alisema. "Ukipunguza kazi, unapunguza na shamba. Ngwe za juu, kando ya kijito, zitolewe."

"Mheshimiwa, za chini ni mawe matupu," alisema Grizel. "Hizo za juu ndizo zinazotulisha."

"Uliomba kupunguziwa, mwanamke. Nimekupunguzia."

Walirudi njia ileile. Walipofika kijitoni Mause alikaa juu ya jiwe.

"Ulijua," Grizel alisema.

"Niliifuma mwenyewe."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Juzi ulipokwenda kukata mboji nilimbeba mtoto." Mause alitazama maji. "Nimeapa uongo mbele ya Mungu kwa ajili ya mawe matupu. Na Wat nimemuua. Kama hakufa mlimani, leo amekufa."

Grizel alipiga magoti, akataka kumshika. Mause alimsukuma, kisha akaushika mkono uleule aliousukuma, akang'ang'ania, na kucha zikamwingia Grizel kwenye ngozi. Grizel hakuutoa mkono wake.

Jumatatu maksai waliletwa kuzilima ngwe za juu kwa ajili ya binamu yake Pringle. Dandie ndiye aliyewaendesha, kichwa kimeinama. Walipofika katikati walimkuta Mause amekaa mbele yao kwenye udongo, shuka la kanisani begani.

"Mtoe mama yako," Pringle alimwambia Grizel.

Grizel alitembea mpaka pale, mtoto mgongoni. Badala ya kumwinua, alikaa kando yake. Udongo ulikuwa baridi. Maksai walipumua juu ya vichwa vyao.

Dandie alifungua nira. "Wanyama wamechoka, bwana," alimwambia Pringle. "Hawaendi leo."

Pringle alimtazama, akawatazama wale wanawake, akavaa kofia yake akaondoka. Walikaa pale mpaka mtoto alipoanza kulia kwa njaa, ndipo wakaenda nyumbani.

Kesho yake alikuja na watu wanne, na ngwe zikalimwa.